Neno "Kambi": Asili Yake, Maana Zake, na Safari Yake Hadi Mwea

1. Utangulizi

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yanayotaja mahali anapolala msafiri, neno kambi limepata bahati ya pekee, na pengine balaa ya pekee. Maneno mengine ya jamii hiyo, kama dago, kituo na banda, yamebaki karibu na maana zake za kale. Kambi limetangatanga. Lilianza kama jina la maskani ya usiku mmoja ya msafara. Likawa jina la makao ya vibarua, ya askari na ya wafungwa wasiohukumiwa. Na siku hizi hutumika hata kwa kundi la wabunge wa upinzani wasiolala pamoja hata usiku mmoja.

Makala haya yanakusudia kuchunguza mambo matatu. La kwanza ni umbo na asili ya neno lenyewe, kwa kuwa dhana iliyoenea kwamba kambi ni mkopo kutoka Kiingereza haina budi kupimwa upya. La pili ni jinsi neno lilivyopanda kutoka njia za misafara hadi miji iliyo chini ya Mlima Kenya. La tatu, ambalo ndilo zito zaidi, ni yale yaliyolipata neno hili katika uwanda wa Mwea kati ya mwaka 1954 na mwisho wa miaka ya hamsini, na jinsi yanavyopaswa kuhesabiwa na watungaji wa kamusi. Mwea imechaguliwa kwa sababu ndipo mahali ambapo maana zote kuu za neno zimekaa juu ya udongo mmoja: msafiri, kibarua, mahabusu na mkulima.

2. Umbo la neno na suala la asili

Kambi ni nomino inayoonyesha mabadiliko ya ngeli. Matumizi ya zamani yanaiweka katika ngeli ya li-/ya-: kambi hili, makambi haya. Matumizi ya leo, hasa nchini Kenya, yanaielekeza katika ngeli ya i-/zi-: kambi hii, kambi hizi. Hali hii si kigezo cha ugeni, kwani nomino nyingi zisizo na kiambishi dhahiri cha umoja huyumba hivyo. Vitenzi vinavyoandamana nayo ni vichache na vya kale: msafara hupiga kambi jioni na huvunja kambi alfajiri. Umuhimu wa vitenzi hivi utaonekana baadaye.

Wasomaji wengi, wakiona kambi upande mmoja na neno la Kiingereza camp upande wa pili, hukata shauri upesi kwamba la kwanza limetokana na la pili. Sauti zinafanana na maana zinakaribiana. Hata hivyo, mfanano wa sauti peke yake ni shahidi dhaifu, na hapa kuna mashahidi wawili wanaompinga.

Shahidi wa kwanza ni kanuni za ukopaji wenyewe. Kiswahili kinapokopa kutoka Kiingereza neno lenye mfuatano wa m na p, mfuatano huo haugeuki: kampuni, kampeni, kampasi, stempu, pampu, kompyuta. Hakuna sababu ya p ya camp kugeuka b wakati p ya wenzake wote imesalia salama. Vilevile, neno la Kiingereza linaloishia kwa sauti ya midomo hupewa kwa kawaida irabu u mwishoni, kama ilivyo katika klabu, supu, timu, filamu na skimu. Kwa kanuni hizi mbili, camp ingetarajiwa kuzaa kampu. Kambi limekosa kote kuwili, katika konsonanti na katika irabu. Hoja hiyohiyo yaweza kutumika dhidi ya wale wanaotaka kulipeleka neno hadi kwa Wareno na campo yao.

Mpinzani aweza kujibu kwamba katika lugha kadhaa za Kibantu za bara hakuna mp, na kwamba wasemaji wake huigeuza kuwa mb. Ni kweli; kampuni vinywani mwa Wagikuyu wengi huwa kambuni. Basi, atasema, kambi ni camp iliyopitia bara kabla ya kurudi pwani. Hapo ndipo shahidi wa pili anapoitwa, naye ni tarehe. Richard Burton alisafiri na John Hanning Speke kutoka pwani inayoelekea Unguja hadi Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1857 hadi 1859. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 alilitaja lazi la msafara kwa neno khambi, nalo analiandika kama neno la wenyeji wa njia ile, bega kwa bega na pagazi na kirangozi. Stanley naye, katika safari yake ya mwaka 1871, aliandika khambi. Hawa walikuwa watu wenye neno camp katika lugha yao. Wangaliona kwamba wapagazi wanatumia neno lile lile la Kiingereza, wasingekuwa na haja ya kulifafanulia wasomaji wao kama neno geni. Tena wakati huo hapakuwa na serikali ya Kiingereza barani, wala shule, wala jeshi ambalo lingeweza kuwafundisha wapagazi wa Kinyamwezi neno la Kiingereza na kulieneza kutoka Bagamoyo hadi Ujiji.

Herufi h katika tahajia ya Burton isitiliwe maanani kupita kiasi. Mwandishi huyo aliipenda h, na hata nchi ya Wakutu aliiandika K'hutu. Lililo muhimu ni mb na i, ambazo zipo tayari katika maandishi hayo ya kwanza.

Upande wa Kibantu, jambo la kuangaliwa ni neno kambi katika lugha za Mijikenda, ambako hutaja baraza la wazee wanaoongoza kaya. Kaya ilikuwa makazi yaliyozungukwa na msitu na boma, yenye malango, na kambi ndiyo iliyokuwa na kauli juu ya anayeingia na anayetoka. Kutoka baraza la watu waliokaa duara ndani ya boma hadi duara la watu waliolala ndani ya boma si mwendo mrefu wa maana, na Wamijikenda walikuwa majirani na washirika wa kibiashara wa Waswahili wa Mombasa kwa karne nyingi. Uhusiano huo unastahili kuwekwa mbele kuliko ule wa Kiingereza, ingawa mfanano wa umbo hapa nao haupaswi kupewa uzito zaidi ya ule ulionyimwa camp.

Hitimisho la sehemu hii ni la kiasi. Kambi lilikuwa neno la misafara kabla ya utawala wa Kiingereza. Camp ilikuja baadaye, ikalikuta, na kwa kuwa zilifanana, ikalivika maana zake. Wanaisimu wanajua kwamba maneno mawili ya asili mbalimbali yanaweza kukutana njiani na kuendelea kama neno moja. Katika kukutana huku, Kiswahili kilitoa umbo, na Kiingereza kikatoa sehemu kubwa ya yale yaliyofuata.

3. Kambi ya msafara

Kambi ya msafara ilikuwa nini hasa? Yafaa itofautishwe na jamaa zake. Kituo, kama kitenzi tua kinavyoonyesha, ni mahali mzigo unaposhushwa. Chaweza kuwa cha saa moja chini ya mti. Dago ni la wavuvi zaidi, mahali wanapokaa ufuoni au kisiwani kwa msimu wa samaki. Banda ni jengo, si mkusanyiko wa watu. Hema, neno lililotoka Kiarabu, ni kitambaa na mambo zake. Boma ni uzio. Kambi ilihitaji mambo manne kwa pamoja: watu wengi wasafirio pamoja, uzio wa matawi ya miiba, vibanda vya majani vya kulala, na nia ya kuondoka.

Sifa mbili kati ya hizo ndizo msingi wa hoja ya makala haya. Ya kwanza ni kwamba uzio wa kambi ulitazama nje. Miiba ilielekezwa kwa simba, kwa fisi na kwa mwizi wa usiku. Aliyekuwa ndani ndiye aliyelindwa. Ya pili ni kwamba kambi ilipigwa na wale wale waliolala ndani yake, na wao ndio walioivunja. Katika sentensi "wapagazi wamepiga kambi", wapagazi ni watendaji.

Isidhaniwe kwamba kambi ya msafara ilikuwa mahali pa raha. Wapagazi wengi walisafiri chini ya mkataba mgumu, wengine walikuwa watumwa, na misafara kadhaa ilibeba watu waliofungwa minyororo. Kwa mtu wa namna hiyo, kambi tangu hapo ilikuwa na uso wa pili. Lakini maana ya jumla, ile iliyoingia katika lugha, ilikuwa maana ya kiongozi na mpagazi: mahali pa kutua, kupika, kulala na kuondoka.

4. Neno linapanda mlimani

Njia kuu za misafara ya Waswahili hazikupita Mwea. Nchi za Mlima Kenya zilifikiwa kwanza kupitia wafanyabiashara wa Kikamba, waliopeleka pembe Mombasa na kurudi na bidhaa za pwani. Ni katika nchi ya Kitui, akiwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri, ambako Ludwig Krapf aliuona mlima huo tarehe 3 Desemba 1849. Baada yake walipita wengine na wapagazi wao: Teleki mwaka 1887, na Mackinder, aliyefika kileleni mwezi Septemba 1899.

Katika nchi ya Wagikuyu na jirani zao wa Ndia, Gichugu, Embu na Mbeere, msafiri hakuhitaji kambi. Mwanamume aliyetoka mbali alipokewa katika thingira, nyumba ya mwenye boma, na mara nyingi mwenyeji wake alikuwa mtu wa rika moja naye, aliyetahiriwa msimu mmoja naye ingawa hawakuwahi kuonana. Malazi yalikuwa haki inayotokana na undugu wa rika, si bidhaa, na kwa hiyo lugha haikuhitaji neno la nyumba ya malazi ya kulipia. Kambi liliingia huku kama neno la watu wageni kabisa, wasio na rika wala ukoo, waliolazimika kulala kwenye uwanda ndani ya miiba yao wenyewe.

Utawala wa Kiingereza ulipojijenga, kambi lilijijenga nao. Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, ilianzishwa mwaka 1900, Nyeri mwaka 1902, na Embu mwaka 1906. Kandokando ya vituo hivi walikaa askari, wapagazi na wachuuzi waliozungumza Kiswahili, na mitaa kama Majengo ya Nyeri ni kumbukumbu ya kukaa kwao. Kisha ikaja vita ya mwaka 1914 hadi 1918, na maelfu ya vijana wa nchi hizi wakachukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki hawakurudi. Kikosi hicho kilichoitwa Carrier Corps kiliacha jina lake katika miji miwili: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, zote mbili zikiwa kumbukumbu za kambi za wapagazi hao. Hapa mabadiliko ya kwanza ya maana yalikamilika. Mpagazi wa mwaka 1860 alipiga kambi. Mpagazi wa mwaka 1917 alipelekwa kambini. Mzigo ulikuwa uleule, lakini kitenzi kilikuwa kimebadilika, na pamoja nacho mtendaji.

Wakati huohuo, kwa msafiri mweupe paliota neno jingine. Mjini Nyeri hoteli ya Outspan ilifunguliwa mwaka 1928. Jina lake latokana na lugha ya Makaburu wa Afrika Kusini, nalo lataja kufungua ng'ombe nira mwisho wa mwendo. Kwa maana hiyo ni ndugu wa mbali wa kituo. Treetops, nyumba iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare, ilifuata mwaka 1932. Kwa hiyo katika wilaya moja msafiri mmoja alilala hotelini na mwingine kambini, na mstari kati ya maneno hayo mawili ulikuwa mstari wa rangi ya ngozi. Waafrika walifanya kazi katika hoteli hizo, hawakulala humo kama wageni.

5. Kambi za Mwea

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Tarehe 24 Aprili 1954 ulianza msako mkubwa wa Nairobi, na makumi ya maelfu ya Wagikuyu, Waembu na Wameru wakachukuliwa. Mwishoni mwa mwaka huo waliozuiliwa walikuwa zaidi ya 70,000. Ulitokea mfumo ambao watawala waliufananisha na bomba: mtu aliingia upande mmoja, Manyani au Mackinnon Road, akachujwa na kupewa rangi, mweupe, wa kijivu au mweusi, kisha akasukumwa kutoka kambi hadi kambi kuelekea kwao kadiri alivyokubali kukiri kiapo.

Karibu na mwisho wa bomba hilo palikuwa Mwea. Uwanda huu ulio kusini mwa mlima, unaopitiwa na mito Thiba na Nyamindi, ulikuwa mkavu, wenye udongo mweusi mzito, na ulitumiwa zaidi kwa malisho. Serikali iliazimia kuufanya mashamba ya mpunga, na mikono ya kuchimba mifereji ikapatikana kwa mahabusu. Zilijengwa kambi tano: Mwea, Thiba, Tebere, Kandongu na Gathigiriri. Wamumu ikawa kambi ya vijana.

Yapasa kuuliza kwa nini mahali hapa paliitwa kambi. Kiswahili kilikuwa na maneno mawili yaliyo wazi. Jela lilitoka Kiingereza. Gereza, ambalo hudhaniwa na wataalamu wengi kuwa limetokana na neno la Kireno la kanisa, igreja, ni neno ambalo historia yake yafundisha sana: nyumba ya sala iliyokuwa ndani ya ngome ikaishia kuwa jina la nyumba ya kufungia watu, na Fort Jesus ya Mombasa yenyewe ilitumiwa kama gereza tangu 1895 hadi 1958. Hata hivyo, wala jela wala gereza halikufaa Mwea, na sababu ni ya kisheria. Mfungwa wa jela alihukumiwa na mahakama, kwa kosa lililotajwa, kwa muda uliohesabiwa. Mahabusu wa Mwea hakuhukumiwa. Alizuiliwa kwa amri, bila kesi na bila tarehe ya mwisho. Kumwita mfungwa kungeleta swali la hukumu yake. Neno lililohitajika lilikuwa neno lisilo na hakimu ndani yake, neno la kukaa kwa muda tu, na neno hilo lilikuwa tayari: camp kwa waandikao ripoti, kambi kwa wanaozisimamia na wanaolala ndani. Neno la msafiri likakodishwa kumficha mtu asiyeruhusiwa kusafiri.

Sifa za kambi zilizotajwa katika sehemu ya tatu zaweza sasa kulinganishwa moja kwa moja. Uzio ulibaki, lakini uligeuka: miiba ya seng'enge, mahandaki na minara vilitazama ndani. Vibanda vya kulala vilibaki. Mkusanyiko wa watu wengi ulibaki. Kazi ya mzigo ilibaki, safari hii ikiwa ya jembe na karai katika mifereji. Kilichoondolewa ni nia ya kuondoka, ambayo ndiyo iliyokuwa roho ya neno. Msafiri alivunja kambi alfajiri. Mahabusu aliamka alfajiri na kambi ikabaki palepale.

Mwaka 1957 kambi hizi zilikabidhiwa kwa Terence Gavaghan, zikawa mahali pa kujaribia utaratibu wa kuwavunja mahabusu waliokataa kukiri. Waliletwa kwa mafungu madogo, wakanyolewa na kuvuliwa nguo zao kwa nguvu, na aliyekaidi alipigwa hadi akubali. Wakuu wa sheria wa koloni walijua, na wakaandikiana juu ya namna ya kulihalalisha jambo hilo. Utaratibu uliotokana na Mwea ndio uliopelekwa Hola, na huko, tarehe 3 Machi 1959, mahabusu 11 walipigwa hadi kufa. Nyaraka za koloni zilizokuwa zimefichwa Uingereza, na ambazo kuwapo kwake kulikubaliwa mwaka 2011, zilithibitisha mengi ya yale ambayo wazee wa Kirinyaga na Nyeri walikuwa wakisema kwa miaka hamsini. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikiri mbele ya Bunge lake kwamba Wakenya waliteswa, ikaeleza majuto yake, na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228.

Lugha ya waliozuiliwa nayo ina ushahidi. Gakaara wa Wanjau, mwandishi wa Karatina, alipochapisha kumbukumbu zake za kizuizini mwaka 1983, kitabu kilichopewa Tuzo ya Noma mwaka 1984, hakulitia neno kambi katika jina la kitabu. Alitumia ithamĩrio, neno la Kigikuyu linalotokana na kuhama, nalo hutaja mahali mtu alipohamishiwa. Wapiganaji wa msituni nao maficho yao hawakuyaita kambi bali mbuci, neno ambalo huaminiwa kuwa limetoka Kiingereza bush. Kwa kuyapanga maneno haya matatu, ithamĩrio, mbuci na kambi, twaona uwanja wa maana uliogawanywa kwa uangalifu mkubwa. Mbuci ni lazi alilolichagua mtu. Ithamĩrio ni hali aliyotiwa, ikitajwa na yeye aliyetiwa. Kambi ni neno la mwenye funguo.

6. Kutoka kambi hadi kijiji

Kambi za Mwea hazikubomolewa zote na kusahauliwa. Mifereji iliyochimbwa ilijaa maji, na wakulima wa kwanza, wengi wao watu wasio na ardhi na miongoni mwao waliokuwa mahabusu, walipewa ekari nne za mpunga kila mmoja. Majina Thiba, Tebere, Kandongu, Gathigiriri na Wamumu leo ni majina ya vijiji, ya sehemu za skimu na ya shule. Neno kambi limedondoka mbele yake, kama linavyodondoka kambo la mti baada ya ua kuota.

Lakini maana haikuondoka upesi kama neno. Mkulima wa skimu hakuwa mwenye shamba. Alikuwa mpangaji kwa leseni, na Halmashauri ya Taifa ya Umwagiliaji, iliyoundwa mwaka 1966, iliamua alime nini, auze wapi, na akae katika nyumba ya kijiji cha skimu. Aliyevunja masharti angeweza kunyang'anywa shamba na nyumba pamoja. Kwa maana ya kisarufi, bado alikuwa mtendwa. Mwaka 1998 wakulima walikataa kupeleka mpunga kwa Halmashauri na wakaushika mradi mikononi mwao. Wachumi wameeleza mgogoro huo kwa bei ya mpunga, nao hawakukosea. Kwa mwanafunzi wa lugha, hata hivyo, watu wa Mwea walikuwa wanadai kitenzi chao: kupiga wenyewe makao yao.

7. Hoteli na lojingi

Swali la mwisho ni hili: baada ya kambi kuchukuliwa na mambo haya yote, msafiri wa Mwea alibaki na neno gani? Anayeshuka garini Wang'uru, ambako wenyeji hupaita pia Ngurubani, au Kutus, Sagana na Karatina, ataona vibao vingi vya hoteli. Akiingia atapewa chai, mandazi, wali au githeri. Akiomba kitanda ataelekezwa kwingine, kwenye lojingi. Kamusi huifafanua hoteli kama nyumba ya chakula na malazi. Matumizi ya miji hii yameigawa nyumba hiyo mara mbili. Kigikuyu kwa upande wake huiita hoteli ya chakula mũkawa, kutokana na mkahawa, neno ambalo mzizi wake ni kahawa ya Kiarabu, ingawa kinachonywewa humo ni chai.

Mgawanyo huu una mantiki. Chakula cha kununua kilizoeleka mapema katika masoko. Malazi ya kununua yalichelewa, kwa sababu mgeni mwenye jamaa alilala kwa jamaa, na asiye na jamaa alilala kambini. Biashara ya vitanda ilipokuja, neno la Kiswahili lililostahili kuipokea lilikuwa tayari limetiwa doa. Hakuna mwenye nyumba ya wageni katika Mwea ambaye angeandika Kambi juu ya mlango wake na kutumaini kupata wateja. Juu zaidi mlimani mambo ni mengine: wapandaji wa njia ya Naro Moru hulala Mackinder's Camp, na watalii wa mbugani hulipa fedha nyingi kwa usiku mmoja hemani. Kwao kambi imerudi kuwa lazi la msafiri. Umbali kati ya kambi hizo na Gathigiriri ni mwendo wa saa chache kwa gari.

8. Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba kambi si mkopo wa moja kwa moja kutoka Kiingereza. Sauti zake na tarehe yake zakataa. Ni neno la misafara lililokutana na camp na kubeba mizigo yake. Umeonyesha pia kwamba mabadiliko ya maana yaweza kufuatiliwa katika sarufi: kupiga na kuvunja kambi upande mmoja, kutiwa, kupelekwa na kuwekwa kambini upande wa pili.

Kwa watungaji wa kamusi, matokeo ni ya vitendo. Fafanuzi inayosema kwamba kambi ni mahali pa kukaa kwa muda, kisha ikaorodhesha wasafiri, askari, wakimbizi na mahabusu katika mstari mmoja, inawalaza kitanda kimoja watu ambao hawakuingia kwa mlango mmoja. Yafaa maana ya kizuizini ipewe namba yake, pamoja na vitenzi vyake, ili msomaji aone nani alijenga uzio na miiba ilitazama wapi. Kwa kufanya hivyo kamusi haitakuwa imeingia siasa. Itakuwa imerekodi matumizi, ambayo ndiyo kazi yake.

Bwawa la Thiba lilizinduliwa mwaka 2022, na maji yake yanaingia katika mifereji ambayo mingine ilichimbwa na watu waliolala Kandongu na Tebere. Mpunga wa Mwea huliwa kote nchini. Ni haki kwamba neno lililowafunga wachimbaji hao lielezwe kwa ukamilifu angalau katika vitabu vya lugha waliyoamrishwa nayo.